Kidato cha Kumi na Mbili

Mlango wa mnara wetu hauko chini.
Uko juu, kimo cha watu wawili waliobebana,
na anayetaka kuingia huomba ngazi kwanza.
Ngazi ilikuwa kazi yangu. Ngazi na kengele.

Wasikudanganye kwamba ulikuwa usiku.
Ilikuwa asubuhi, baada ya sala, jua lisilo na joto,
kabichi zimekatwa, zimelala na baridi yake,
na Robartach ananung'unika wino wake umeganda.
Kisha mbwa wa bonde zima wakabweka kwa pamoja,
kisha wakanyamaza kwa pamoja.
Hapo ndipo nilipojua.

Tuliwaita Wageni.
Jina la heshima, ukilifikiri:
mgeni njoo, mwenyeji apone.
Walikuja kwa mto, mashua nyembamba kama visu vya jikoni,
na mwenyeji hakupona.

Nilitikisa kengele hadi kiganja kikachubuka.
Wakapanda: abati na sanduku la mifupa ya mtakatifu,
Robartach na kitabu kifuani kama mtoto mwenye homa,
wazee, wavulana wawili wa shule,
jogoo mmoja, sijui nani alimbeba.
Nikahesabu vichwa.

Dúnlang wa jikoni alikuwa bado anakimbia.
Alikuwa amerudi kumfungua ng'ombe,
ng'ombe! asije akaungulia zizini,
na mikono ina unga mpaka viwikoni.
Aliruka, akashika kidato cha mwisho,
akaniita kwa jina, wala si kwa kelele,
kama mtu anayeomba apishwe mlangoni.

Nyuma yake walibaki hatua thelathini. Labda arobaini.
Nimezipima tangu siku ile kwa miguu yangu mwenyewe;
kila mwaka zinaongezeka.

Nilivuta.
Kidato kiling'oka, akabaki nacho mkononi.

Walichoma ghala. Walichukua kikombe cha altare
na vijana wenye mabega.
Dúnlang walimfunga kwa kamba ile ile ya ng'ombe.
Ng'ombe mwenyewe alirudi jioni, akitaka kukamuliwa.

Miaka thelathini na mmoja sikuitengeneza ngazi.
Abati wa pili aliamuru. Wa tatu akakumbusha.
Nikasema mbao hazijakauka.
Mbao zangu hazikauki.

Wiki ya kwanza ya Kwaresima akaja mchuuzi kutoka Dublin,
na vitana vya pembe ya kulungu, chumvi, sindano.
Asgaut, alisema. Jina la kwao.
Lakini masikio yalikuwa ya Dúnlang,
yamechomoza kama vishikio vya chungu,
na Kiairishi chake kilikuwa cha jikoni:
alijua neno la uji ulioshika moto,
hakujua neno la neema.

Hakuuliza bei ya ngozi zetu za ndama.
Aliuliza ngazi iko wapi.
Akavigusa vidato kimoja kimoja, midomo ikicheza.
"Kumi na kimoja," akasema. "Baba alisema kumi na viwili.
Ngazi hii ndiyo iliyotufundisha hesabu, mimi na dada zangu.
Akifika cha kumi na mbili hasemi kitu,
anafumba mkono tu."

Ningeweza kusema kilioza.
Nikasema: Mimi ndiye Cuanu.

Alinitazama muda wa kuchemsha yai.
Kisha akavua viatu, akaviweka sawasawa ukutani,
akaanza kupanda.
Ngazi inatetemeka. Sijui ni yeye au ni mimi.

Huko juu ameigusa kengele mara moja, kwa ukucha.
Mbwa wameinua vichwa,
wakavilaza tena.

Hajashuka bado. Nimeishika ngazi kwa chini, mikono miwili,
na vidole vimeanza kufa ganzi.